Barua kwa mwanangu: umemsahau Wilander

Baraka mwanangu,

Huku hatujambo. Mguu wa bibi yako umepoa na ameanza tena kugombana na kuku wake. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mwisho, pamoja na vicheko vya wenzako, na hiyo orodha yenu ya wachezaji kumi bora wa tenisi imeninyima usingizi.

Sina neno na Djokovic, Nadal wala Federer. Mwenye kuwaacha hao aache na kuzungumza tenisi. Neno langu ni juu ya kipimo chenu. Mmehesabu mataji, basi, kama magunia ya mahindi kwenye mizani. Mats Wilander wa Sweden ana 7 ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa: Australia, Paris, Wimbledon na US Open ya New York), kwa hiyo hakuingia, na wewe mwanangu wa kumzaa ukauliza, "Ni nani huyo?"

Haya, nikuambie. Sampras wa Marekani alistaafu na mataji 14, na hata fainali moja ya Roland Garros, yaani ya Paris, hakuifikia. Federer ana 20, lakini udongo ulimpa taji moja tu. Wilander alichukua Australia mara mbili kwenye nyasi, 1983 na 1984, akarudi 1988 akaichukua kwenye uwanja mgumu. Paris, kwenye udongo, alishinda 1982, 1985 na 1988. Ukiongeza US Open ya 1988, hakuna uwanja uliomshinda ila Wimbledon, ambako kwa mchezaji mmoja mmoja hakuwahi kuvuka robo fainali. Nadhani ndiyo iliyomponza. Watu wengi wa zamani walikuwa wakitazama Wimbledon tu, na usipoonekana pale, basi hukucheza.

Mwaka ule wa 1982 alikuwa na miaka 17. Kwenye nusu fainali dhidi ya José Luis Clerc alifika pointi ya ushindi, mpira wa Clerc ukaitwa nje, mwamuzi akatangaza mechi imekwisha. Kijana akaenda kwa mwamuzi akasema mpira ule ulikuwa ndani, hataki kushinda namna ile. Pointi ikarudiwa, akaishinda. Kisha akamfunga Guillermo Vilas kwenye fainali. Hata hivyo walimchoka upesi. Walisema ni Borg wa kuigiza, yule bingwa wa Sweden aliyemtangulia, anakaa nyuma, anarudisha mipira tu mpaka mwenzake akosee. Na nikiri, mechi zake nyingi za wakati ule zilikuwa zinasinzisha.

Ndiyo maana 1988 naipenda kuliko yote. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amekutana na Ivan Lendl kwenye fainali ya Paris na ya New York, akapoteza zote mbili. Lendl alikuwa na fohendi (pigo la upande wa mkono wa raketi) ya kutisha, hachoki, na amekaa namba moja duniani tangu 1985. Kumngoja nyuma akosee ilikuwa kujichimbia kaburi. Basi Wilander, bingwa tayari wa Grand Slam, akarudi kujifunza. Bekihendi yake, pigo la upande wa pili, ya mikono miwili akaiongezea nyingine ya mkono mmoja, ya kuukata mpira ukadunda chini na kuteleza. Akajizoeza kuufuata mpira mpaka kwenye wavu, kazi ambayo hakuzaliwa nayo.

Mimi nilikuwa Uppsala, nasoma. Fainali ya New York ilipoanza kwetu ilikuwa usiku, na sebule ya bweni ilijaa Waswidi wasiopiga kelele (hawapigi kelele, hata kwa furaha). Usiku ule nilielewa kwamba tenisi inafikiriwa. Wilander anaukata mpira chini kwenye bekihendi ya Lendl, Lendl anainama kuunyanyua, na akiinua macho anamkuta mwenzake tayari yuko wavuni. Alikwenda wavuni zaidi ya mara 100. Nyingine alipitwa kama mti uliosimama, akarudi nyuma, akajifuta jasho, akaenda tena. Saa 4 na dakika 54. Seti ya tano 6-4. Lendl, aliyekuwa ameshinda US Open tatu mfululizo, akapoteza taji na namba moja siku hiyo hiyo. Waswidi wangu wakapiga makofi, mmoja akaenda kuchemsha kahawa.

Mwaka huo Waswidi walizoa Grand Slam zote nne za wanaume: tatu za Wilander, na Wimbledon ya Stefan Edberg. Nchi ya watu wasiofika milioni tisa!

Baada ya hapo Wilander hakufika tena fainali ya Grand Slam. Alikuwa na miaka 24. Najua kwenye hesabu yenu hilo linamshusha. Kwangu mimi halimpunguzii kitu.

Unaniuliza kwa nini mchezo ule wa kukimbilia wavu siku hizi ni wa nadra. Wimbledon walibadilisha mbegu ya nyasi 2001, mpira ukawa unadunda juu zaidi. Kabla ya hapo zilikuwa zimekuja nyuzi za poliesta kwenye raketi, Kuerten wa Brazili akashinda nazo Paris 1997, na tangu hapo aliye nyuma anaweza kuuzungusha mpira ukampita aliye wavuni na bado ukaanguka ndani. Vijana hawakuacha wavu kwa uvivu. Lakini nikitazama mechi mbili leo, mara nyingi naona wachezaji wanne wanaofanana.

Itafute mechi ile nzima. Usitazame vipande vya dakika tano, humo Wilander haonekani kabisa. Anza seti ya tatu kama huna muda, na mtazame miguu kabla hajapiga, si mkono. Na wenzako waambie upande wa wanawake nitauleta. Waanze kumtafuta Hana Mandlíková, aliyewafunga mabingwa wakubwa Evert na Navratilova mfululizo kwenye US Open ya 1985.

Hela ya kodi nimetuma jana. Ukiipata nijulishe.

Mama yako