Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: risasi zetu zihesabiwe kwa vita viwili

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Nakuandikia kutoka Tanga, mbele yangu pana ganda la risasi la shaba lililoota kutu ya kijani, ambalo marehemu bibi yangu alikuwa akitilia wanja. Lilichimbuliwa shambani Jasini, mpakani na Kenya.

Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliposhindwa hapa Tanga, waliwaachia Wajerumani bombomu 16 na risasi zipatazo 600,000. Januari 1915, katika siku mbili tu za Jasini, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishinda tena lakini akamaliza risasi zipatazo 200,000, na kwa kuwa manowari za Uingereza zilikuwa zikitawala bahari, alipopiga hesabu aliona kwamba hawezi kumudu mapigano mengi ya namna hiyo. Tangu hapo akawa anayakwepa mapambano makubwa.

Nayakumbusha haya kwa sababu leo hatulindi upande mmoja. Kusini, uasi ulioanza Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2017 ulivuka mto Ruvuma hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Magharibi, wanajeshi wetu walikuwa katika kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mashariki ya Kongo wakati mji wa Goma unaangukia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025. Pande hizo zikiwaka pamoja, zitachota ghala lile lile, na huenda muuzaji wa nje naye ana vita vyake. Mwanzoni mwa 2022 Marekani yenyewe ilikuwa ikitengeneza makombora ya mizinga ya milimita 155 yapatayo 14,000 tu kwa mwezi, ilhali Ukraine, iliyokuwa ikiisaidia kwa silaha, ilifikia kufyatua maelfu kwa siku. Ikiwa mwenye viwanda vile alipungukiwa, sisi tutakuwa wa ngapi kwenye foleni?

Naomba akiba yetu ipimwe kwa idadi ya siku ambazo pande mbili zinaweza kupigana kwa pamoja bila kupokea shehena, na kipimo hicho kifikishwe kwa siri kwenye kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi kabla ya bajeti kupitishwa. Shirika la Mzinga, kiwanda chetu cha risasi huko Morogoro, lipewe oda za miaka kadhaa, maana fundi hafunzwi siku vita vinapoanza. Wala sisemi tulundike ovyo: wakazi wa Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 waliona maghala yakilipuka jirani na nyumba zao. Maghala yawe mbali na makazi, na risasi za zamani zitangulie kutumika mazoezini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Tanga