Kabla ya kufukuza vibarua angalieni skrepu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niongee na wenye viwanda vya vikombe na trei za plastiki hapa Mombasa. Mimi ni fundi wa mashine huku Changamwe, na kila gharama ikipanda naona wa kwanza kuguswa ni kibarua. Jamani, pesa haipotelei hapo! Pesa kubwa iko kwenye shiti, lile bamba jembamba la plastiki linalotengenezewa vikombe. Ile shiti ikishapashwa moto ikavutwa na vakyumu, yaani mnyonyo wa hewa, ndani ya moldi, ile kalibu ya umbo la kikombe, vikombe vikakatwa, kinachobaki ni kama wavu wa mvuvi, na hayo mabaki, ndiyo skrepu yenyewe, yaweza kufika hata theluthi ya plastiki mliyonunua kwa dola. Sasa moldi zipangwe upya vikombe visogeleane, ukingo wa shiti upunguzwe, na mabaki yasagwe yakiwa bado masafi yarudi kuwa shiti, ila kama ni PET, ile plastiki ya chupa za maji, lazima ikaushwe kwanza maana inanyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani mwaijua ilivyo na maji.

Halafu stima. Hita zilizochoka zapasha upande mmoja zaidi, kikombe kinatoka chembamba chini, kinatupwa, na moto ushalipiwa. Na kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa, je? Siku ya mashine nyingine kuzimwa, kompresa ikiwa bado yawaka, tembeeni tu na povu la sabuni kwenye paipu, mtaona hewa inavyovuja, na kila tundu lile mwalilipia usiku na mchana.

Sisi mafundi twayajua haya, tuulizeni basi.

Fundi wa mashine,
Changamwe, Mombasa