Mdogo wangu, hiyo ada usiilipe kwanza

Mdogo wangu,

Mama kaniambia umepata chuo hapo Moshi mjini kinachofundisha umeme wa majumbani kwa wiki sita, na kwamba unataka auze mbuzi ulipe ada mwisho wa mwezi. Nimefurahi sana umeamua kuifanya kazi hii rasmi. Ila hiyo ada usiilipe kwanza.

Jiulize cheti chao kitakufikisha wapi. TANESCO haiungi nyumba umeme mpaka wayaringi ithibitishwe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na leseni hizo hutolewa kwa madaraja, kufuatana na elimu na uzoefu wa mtu. Bila leseni utafunga nyumba nzima, halafu mwenye nyumba atafute mtu mwingine wa kuweka sahihi, na huyo ndiye atakayepanga bei. Nawaona mafundi hodari hapa Arusha wanaishi hivyo miaka nenda rudi. Inaniuma.

Nenda VETA Moshi, chuo cha serikali cha ufundi stadi, uulizie kozi ya umeme inayokupa NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Ni ndefu, najua. Vyuo binafsi navyo vipo vizuri. Uliza tu kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na wahitimu wanapata tuzo gani. Wakianza kuzungukazunguka, ondoka. Kama matokeo yako ya fizikia na hisabati yanaruhusu, uliza pia stashahada Chuo cha Ufundi Arusha, utakaa kwangu.

Na muda wote uliombebea yule fundi ngazi pale Majengo haujapotea. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa vitendo, unajazwa mapengo, unapewa cheti. Ulizia hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu omba kuingia karakana. Tazama wanafunzi wangapi wanagombania ubao mmoja wa mazoezi. Uliza kama wana mega, kile kifaa cha kupima kama waya zinavujisha umeme, na kama kila mwanafunzi anaishika mwenyewe au anamtazama mwalimu. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi tayari unaujua. Unachokosa ni kupima.

Nakwambia hivi kwa sababu juzi niliitwa Sakina. Mama mmoja friji linampiga shoti kila akishika mlango na mikono yenye maji. Nikafungua soketi: waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa na kukunjwa nyuma, haukufungwa popote. Huko nje, mahali pa ethi rodi, ile fimbo ndefu ya chuma inayozamishwa ardhini, palichomekwa kipande kifupi cha nondo kwenye udongo mkavu. Breka ya kawaida isingemwokoa, maana umeme unaotosha kumuua mtu ni mdogo mno kuiangusha. Breka ile maalumu inayokata umeme ukivuja miliampea 30 haikuwekwa kabisa. Aliyefunga nyumba ile aliwasha taa zote, akalipwa, akaondoka. Hakupima chochote. Na humo ndani kuna mtoto anayetambaa.

Sitaki jina lako litajwe kwenye nyumba ya namna hiyo.

Jumatatu nenda VETA na vyeti vyako vyote, uniletee majibu ya ada na lini wanapokea maombi. Ada tutachangia mimi na dada. Mwambie Mama mbuzi abaki.

Kaka yako, Arusha