Jumamosi Dunga: zamu ya Mauti
Wapenzi wa hadithi, hamjambo. Jumamosi saa tisa alasiri tukutane Dunga, ufuoni mwa ziwa, Kisumu. Zamu hii ni Mauti anayetembea na kusema kama mtu. Nitaanza na ile ya Kijerumani iliyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812: maskini anamchagua Mauti awe baba wa ubatizo wa mwanawe, kwani habagui tajiri wala fukara. Mtoto anakuwa tabibu. Mauti akisimama kichwani, mgonjwa atapona. Akisimama miguuni, ni wake. Siku mfalme anapougua, tabibu anamgeuza kitandani, kichwa kiwe upande aliposimama Mauti! Hapo huwa nanyamaza kidogo.

Ndugu zetu Wabukusu, tuleteeni ya kinyonga aliyenyimwa chakula akawalaani watu wafe. Mliofiwa karibuni, msijilazimishe. Tutakuja kuwaona nyumbani. Chai ipo, bebeni leso za kukalia.