Mwenye yadi ni mnunuzi au ni dalali? Iandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi wanaouza magari yao yaliyotumika kupitia yadi za jijini Dar es Salaam. Muuzaji hufikisha gari lake yadi, akakabidhi funguo na kadi ya usajili, kisha akaondoka bila kujua kwa hakika kama mwenye yadi amelinunua gari hilo au amekubali tu kulitafutia mteja. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na mimi nimeielewa nikiwa nimeshachelewa.

Mwaka jana nilipeleka Toyota IST yangu, yenye namba D, yaani namba ya usajili ya mfululizo wa herufi D, katika yadi moja ambayo sitaitaja. Mwenye yadi alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye maungio ya milango na boneti akitafuta dalili za kurudiwa rangi, akawasha injini na kuisikiliza, kisha akanipa njia mbili. Akilinunua yeye papo hapo atanilipa shilingi milioni 7 na nusu. Nikimwachia kwa mali kauli atanikabidhi milioni 9 na nusu likishauzwa, na chochote kitakachozidi hapo ni cha juu, yaani chake. Nilichagua njia ya pili. Nikaacha gari, funguo zote mbili, kadi halisi, picha zangu, nakala ya kitambulisho, pamoja na mkataba wa mauziano niliokwisha kutia saini upande wa muuzaji huku jina la mnunuzi, bei na tarehe vikiwa havijajazwa. Karatasi pekee niliyorudi nayo nyumbani Tabata ilikuwa kipande cha risiti chenye maneno mawili: gari limepokelewa.

Sina ugomvi na ile milioni 7 na nusu. Mwenye yadi analipa pango la kiwanja na mlinzi wa usiku, gari linaweza kukaa miezi mitatu juani betri ikifa na matairi yakipauka, na akishalinunua hasara yote ni yake. Pia anajua jambo ambalo sisi wauzaji hatupendi kulisikia, kwamba herufi ya namba haielezi umri wa gari. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007; likiingia nchini baada ya miaka kumi au zaidi, linapewa namba ya siku hizo, na mtaani likasifiwa kwamba ni namba D kana kwamba ndiyo limetoka kiwandani. Anayeishi kwa biashara hiyo haangalii herufi, anaangalia mwaka wa kutengenezwa. Kwa hiyo bei yake ya papo hapo, ingawa iliniuma, ilikuwa ya haki na ilisemwa waziwazi.

Tatizo lilianza kwenye hiyo mali kauli. Baada ya wiki saba nilipigiwa simu na mtu nisiyemfahamu, mtu mstaarabu kabisa, akinieleza kwamba wiki tatu zilizopita amenunua gari langu na sasa anahitaji nimsaidie kukamilisha kubadili jina Mamlaka ya Mapato (TRA). Nilimwuliza alilipa kiasi gani, akasema milioni 12. Nilimwomba anisomee bei iliyoandikwa kwenye mkataba wenye saini yangu, akasoma milioni 6. Wakati huo mimi nilikuwa bado naambiwa na yadi kwamba wateja ni wagumu.

Wanaoifahamu biashara hii hawatashangaa kuhusu hiyo milioni 6. Ushuru wa stempu katika uhamishaji wa umiliki ni asilimia moja ya bei, hivyo kuandika nusu ya bei halisi kunaokoa shilingi 60,000. Kwa ajili ya shilingi 60,000, ambazo wala hazikuingia mfukoni mwangu, saini yangu imewekwa chini ya bei ya uongo mbele ya mamlaka ya kodi, na kama kesho nitakwenda mahakamani kudai fedha zangu, ushahidi wa kwanza dhidi yangu utakuwa mkataba wangu mwenyewe. Kosa la kutia saini karatasi isiyojazwa ni langu na ninalikiri. Lakini nimeuliza jamaa na majirani, na karibu kila aliyewahi kuacha gari yadi anasema naye alitia saini vivyo hivyo, kwa sababu huambiwa kwamba bila karatasi hizo gari halipokelewi.

Sheria yenyewe haiko kimya. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma pindi anapodaiwa hesabu hiyo. Kwa kuwa niliridhia habari ya cha juu, siidai ile milioni 2 na nusu iliyozidi. Ninachodai ni hesabu: gari liliuzwa lini, kwa nani na kwa kiasi gani, na fedha yangu ilikaa wapi wiki tatu. Nilipomfuata mwenye yadi alinijibu kwamba yeye si wakala wangu, alilinunua gari, na kwamba ananidai uvumilivu. Ukimwuliza habari ya fedha ni mnunuzi anayelipa kidogo kidogo. Ukimwuliza habari ya kadi, anageuka dalali asiyehusika na jina lililomo.

Na hilo jina si jambo dogo. Zamani ilikuwapo ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, na aliyeuza bila kubadili jina alikuta deni likimsubiri. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na makusanyo yake kuhamishiwa kwenye mafuta. Nadhani tangu hapo wauzaji tumelegea. Hata hivyo faini za barabarani bado zinasomeka kwa namba ya gari, na ajali ikitokea polisi huanza kumtafuta mtu ambaye jina lake limo kwenye kadi.

Najua pia kwa nini yadi zinazonunua kweli hukwepa kuandikisha magari kwa majina yao. Zikifanya hivyo, gari moja linatozwa gharama za uhamisho mara mbili ndani ya miezi michache, na gharama hiyo humrudia muuzaji au mnunuzi. Ningependa TRA ilitazame jambo hili kwa jicho la biashara, ikaangalia uwezekano wa kumsajili mwenye yadi kama mmiliki wa muda, tuseme kwa siku 90, bila kutoza ushuru wa pili iwapo gari litauzwa ndani ya kipindi hicho. Kodi itakayopotea hapo, nadhani, itafidiwa na bei za kweli zitakazoanza kuandikwa mikatabani. Halmashauri nazo, kwa kuwa hutoa leseni za biashara, zinaweza kuitaka kila yadi impe mwenye gari hati yenye kueleza kama gari limenunuliwa au limepokelewa kwa mali kauli, bei ya chini waliyokubaliana, na siku ambayo fedha itakabidhiwa baada ya mauzo. Hati ya ukurasa mmoja inatosha.

Hadi leo nimelipwa milioni 8 na laki 3, kwa mafungu matano, na milioni 1 na laki 2 bado ziko yadi. Mnunuzi, ambaye sina neno naye, nimekubaliana naye tukutane ofisi za TRA Jumatatu ijayo, aje na mkataba mpya wenye bei aliyoilipa. Ule wa kwanza nimemwomba auhifadhi, asiuchane.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam