Mtani, una shamba Pirbright

Woking, Surrey

Mtani wangu Mnyamwezi,

Salamu nyingi, na wasalimie wote hapo nyumbani. Shikamoo sikupi, unajua mwenyewe kwa nini. Uliniuliza kwenye simu kama huku nje ya London kuna cha kuona zaidi ya mvua. Kipo, na kinakuhusu wewe kuliko mimi.

Kuna kijiji jirani kinaitwa Pirbright. Ukitoka London unapanda treni Waterloo, unashuka Brookwood, halafu unatembea. Brookwood yenyewe inajulikana kwa makaburi. Yalifunguliwa mwaka 1854 makaburi ya London yalipofurika, na kulikuwa na treni maalumu ya kuleta maiti, yenye madaraja. Ndiyo, hata jeneza lilikuwa na daraja la kwanza na la tatu. Waingereza bwana.

Pirbright ni kijiji hasa: uwanja mpana wa majani katikati, bwawa lenye bata, baa, kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Kulikuwa na mwanasiasa mmoja wa ukoo wa kitajiri, Henry de Worms, aliyewahi kuwa naibu waziri wa makoloni. Alipopewa ubwana mwaka 1895 akajiita Lord Pirbright, akawajengea wanakijiji ukumbi ambao bado una jina lake. Alipofariki 1903 akazikwa Wyke, kijiji kingine. Basi huyo tumwache.

Uwanja wa kanisa umetawaliwa na mwingine. Kuna jiwe la granaiti lililotolewa Dartmoor, halikuchongwa likapendeza, limesimama tu, refu kuliko mimi na wewe tukibebana. Limeandikwa: Henry Morton Stanley, Bula Matari, 1841–1904. Na chini yake neno moja: Africa.

Ni yule yule msafiri aliyemkuta Livingstone pale Ujiji. Alitaka azikwe Westminster Abbey kando ya Livingstone, mkuu wa kanisa lile akakataa, ibada ikafanyika kule kisha akaletwa huku, kwa kuwa alikuwa amenunua nyumba Pirbright, inaitwa Furze Hill. Hilo jina la Bula Matari, mvunja mawe, alilipata Kongo wakati wa kupasua njia pale Vivi. Baadaye Wakongo wakaliita hivyo dola lote la kikoloni, pamoja na viboko na kodi zake. Mjane wake aliliandika jiweni kama sifa. Mtu aliyetoka Kongo akilisoma pale sidhani kama anasikia sifa.

Sasa lako. Dorothy, mkewe Stanley, aliyapa maeneo ya Furze Hill majina ya safari za mumewe, naye Stanley akayatumia. Bwawa likawa Stanley Pool, kijito kikaitwa Congo, msitu wa misonobari ukaitwa Aruwimi. Shamba moja likaitwa Mazamboni. Jingine likaitwa Unyamwezi. Nakwambia kweli, mtani, Unyamwezi iko Surrey na haina hata shina moja la mahindi.

Nilicheka sana niliposoma habari hizo, kisha kicheko kikakatika kwenye lile la Aruwimi. Kwa mzee yule na mkewe ulikuwa mchezo wa jioni, kutembea chini ya misonobari. Msitu wenyewe, ule wa Ituri unaopitiwa na mto Aruwimi huko Kongo, mwaka 1887 na 1888 ulimaliza wapagazi wengi waliochukuliwa Unguja, kwa njaa, vidonda na mishale. Na safari ya kabla ya hapo, ile iliyoanzia kwetu Bagamoyo mwaka 1874 ikatokea Boma 1877, kulikuwa na Uledi, nahodha wa mashua, aliyewaopoa watu wengi kwenye maporomoko ya mto Kongo. Kulikuwa na Manwa Sera, mkuu wa wapagazi. Kulikuwa na Kalulu, kijana aliyesomeshwa kidogo hapa Uingereza, akazama mtoni. Jiwe lile lina nafasi ya kutosha. Majina matatu yangeenea bila shida.

Kuna kitu kingine Pirbright, na wewe kama bwana mifugo nadhani utakipenda zaidi. Ni kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo kilichoanza mwaka 1914. Wenyeji wengi wanakikumbuka kwa aibu ya mwaka 2007, pale virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vilipotoroka kupitia bomba bovu la majitaka na kuambukiza ng'ombe wa mashamba ya karibu. Lakini kituo hicho hicho kilikuwa maabara ya marejeo ya dunia kwa sotoka. Ile sotoka iliyofagia ng'ombe wa Wamasai na wengine miaka ya 1890, ikawaacha watu wakifa njaa kabla hata wakoloni hawajamaliza kupiga mipaka. Chanjo iliyokuja kuishinda ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, karibu na mwaka 1960. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imekwisha. Mwaka 2019 Pirbright wakateketeza sampuli zao za mwisho za kirusi, baada ya kunakili vinasaba vyake vyote.

Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya kijiji kile. Watalii wachache wanaofika wanapiga picha kaburi na kuondoka.

Sasa nina ombi. Muulize baba yako mdogo kama wazee wa Nzega walikuwa wakisimulia mwaka wa sotoka, waliuitaje, na walikula nini. Nitumie kwa sauti, usiandike. Mwandiko wako haujawahi kunifikisha mstari wa pili.

Mtani wako Mzaramo