Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge: gari ni letu wawili, nafuu ya kodi imepotelea wapi?

Mheshimiwa Mbunge wetu katika Bunge la Marekani,

Salaam. Kwa Kiingereza nimeshakuandikia mara nne, na mara zote nne kompyuta imenijibu kwamba ofisi yako inathamini maoni yangu. Leo naandika Kiswahili, wenzangu wa hapa Ohio wasome. Wewe ukitaka kujua kilichomo, utatafuta mkalimani kama sisi tunavyotafuta kila siku.

Agosti 2024 mimi na mdogo wangu tulinunua gari jipya la umeme. Kila mmoja alitoa nusu ya malipo ya mwanzo, na kadi ya gari ina majina yote mawili. Mimi natunza wazee zamu ya usiku, yeye anasoma na kufanya vibarua. Funguo tunapokezana mlangoni, akiingia yeye natoka mimi. Tuliambiwa serikali inawapa wanaonunua magari kama hayo nafuu ya kodi hadi dola 7,500. Kwa mishahara yetu, hizo ni fedha za kuanzia maisha.

Muuzaji alipouza alituma taarifa serikalini, na taarifa ile ilibeba mnunuzi mmoja tu. Akamwandika mdogo wangu. Kwa nini yeye? Nahisi kwa kuwa ndiye mwanamume, au kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu na meza. Nakala tulipewa; nikaikunja nikaitia kwenye droo nikidhani ni risiti. Hapo nilikosea, nakubali.

Sasa sikiliza hesabu. Kwenye ritani, yaani hesabu ya kodi ya mwaka, kila mmoja alidai nusu yake, dola 3,750, kwa fomu 8936, ile ya kudai nafuu hiyo. Kumbe sheria haigawi: gari moja, mdai mmoja, yule aliyeandikwa na muuzaji. Tena nafuu hii hufuta tu kodi unayodaiwa. Hairudishi chenji wala haisogei hadi mwaka unaofuata. Kodi yote ya mdogo wangu ilikuwa dola 740, akafutiwa hizo. Dola 6,760 zikayeyuka. Yangu ilikaribia 5,000, na ingefutika yote kama jina lingekuwa langu.

Linaloniuma zaidi ni hili. Tangu Januari 2024 mnunuzi aliweza kumwachia muuzaji nafuu hiyo ikakatwa kwenye bei palepale, hata kama kodi yake ni ndogo. Tungepata 7,500 zote siku ileile. Nani alitufungulia mdomo? Mke na mume wanaojaza ritani pamoja hawana taabu, aandikwe yeyote. Ndugu wa tumbo moja sheria haiwajui.

Jumatatu iliyopita ikaja barua ya watu wa kodi: nirudishe 3,750 pamoja na riba. Riba! Niliisoma nimesimama, na sare ya kazi mwilini.

Nikukumbushe, Mheshimiwa. Ulipokuja ukumbini kwetu kuomba kura ulikula sambusa tatu (nilizikaanga mimi), ukasema yeyote atakayekwama na ofisi ya serikali kuu aje kwako, mlango uko wazi. Nilikuja. Kijana wako alinipa fomu ya kuruhusu mfuatilie jalada langu, nikatia sahihi. Fomu ile nayo sijui imekwenda kusaidia nani.

Na usinishauri ninunue gari jingine niandike jina vizuri. Julai 2025 Bunge lenu lilipitisha sheria iliyofuta nafuu hii kwa magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025. Ada ya dola 200 kwa mwaka ambayo jimbo hututoza wenye magari ya umeme, hiyo haikusahaulika kamwe.

Muuzaji anasema hawezi tena kurekebisha taarifa yake. Watu wa kodi wanasema wao wanasoma alichoandika muuzaji. Nimekuwa mpira. Naomba mtu mmoja wa ofisi yako awakutanishe hao wawili kwenye simu moja, jina langu liwekwe mahali pa la mdogo wangu. Kama hilo ni zito, basi riba iondolewe. Kama na hilo ni zito, nijibiwe na binadamu.

Jalada langu mnalo. Zamu yangu huanza saa moja jioni. Kabla ya hapo simu napokea.

Mpiga kura wako,
Ohio